Watoto wa Chatu Wasiotoka Yaini

Swali: Mayai ya chatu wangu yamepasuka tangu jana, lakini watoto wametoa vichwa tu. Je, niwasaidie kutoka, na niwalishe lini?

Jibu: Ndugu msomaji, tafadhali usiwavute. Mtoto wa chatu hupasua ganda kwa jino dogo la muda, kisha hubaki humo siku moja au mbili akifyonza kiini kilichosalia, na ukimtoa kwa nguvu unaweza kukata mishipa ya damu inayomuunganisha na yai. Wakishatoka wenyewe, mtenge kila mmoja katika chombo chenye joto, unyevu, maficho na maji safi. Chakula kisubiri hadi wajivue gamba mara ya kwanza, kwa kawaida baada ya wiki moja hadi mbili. Ndipo umpe kila mmoja panya asiyezidi unene wa mwili wake.