Kwa waja leo wa chumba cha seva

Kazi hii ya kutunza kompyuta na mitandao ya ofisi niliijua barabara siku niliyopanda basi la alfajiri stendi ya Kange kwenda Korogwe, kuandika mstari mmoja tu kwenye ruta, kile kifaa kinachounganisha mtandao wa ofisi na wa nje. Jioni iliyotangulia, nikiwa mezani kwangu Chumbageni, nilikuwa nimeongeza sheria kwenye fayawoli, yaani ukuta wa ulinzi wa mtandao, ya tawi la huko ili kuzuia watu wa nje. Sheria ilifanya kazi vizuri mno: mtu wa nje wa kwanza kuzuiwa nilikuwa mimi. Skrini ikaganda, na tawi zima likalala bila mawasiliano. Nauli nilijilipia mwenyewe, maana niliona haya kujaza fomu ya safari na kuandika sababu.

Wadogo zangu mnaoanza, kabla hujagusa kitu chochote kilicho mbali nawe, jua kwanza utarudije. Namna zipo. Ruta ile ilikuwa MikroTik, na MikroTik ina kitufe cha Safe Mode: ukikibonyeza kabla ya kuanza, kisha mawasiliano yakakatika, yenyewe inafuta ulichobadilisha na kurudi ilivyokuwa. Kitufe kilikuwa mbele ya macho yangu miezi yote ile, nikidhani ni cha waoga. Kwenye ruta nyingi za Cisco unaandika reload in 10, yaani unaiagiza ijiwashe upya baada ya dakika 10, halafu unafanya mabadiliko bila kuyahifadhi. Ukijifungia nje, kanywe kahawa. Ikiwaka itasoma mpangilio wa zamani. Mambo yakiwa shwari unafuta lile agizo, ndipo unahifadhi. Seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, ikiwa ya Linux nayo unaweza kuiachia kazi ya kurudisha sheria za zamani baada ya dakika tano, usipowahi kuisimamisha.

Ukiajiriwa mahali, wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Fuata waya. Shika kebo moja kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, ifuate mpaka ilipoishia, andika kwenye daftari, ibandike jina ncha zote mbili. Utacheka utakavyovikuta: kebo inayoingia ukutani na hakuna ajuaye inatokea wapi, swichi iliyofichwa juu ya dari, seva ambayo kila mtu anaogopa kuizima kwa sababu aliyeiweka alishahama. Na hapa Tanga tazama kutu. Ofisi zilizo karibu na bahari, dirisha likiachwa wazi, upepo unaingia na chumvi na unyevu, na vichwa vya kebo vinachakaa mapema. Kuna mahali nilikuta kiyoyozi kimefungwa juu kabisa ya kabati la seva, kinadondosha maji tone moja moja, na mtu ameweka ndoo. Ndoo!

Sasa nije kwenye kisa kilichonila siku mbili. Ofisi moja, kompyuta kadhaa zilikuwa zinapoteza seva ya mahesabu asubuhi, zinairudia mchana, zinaipoteza tena. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha swichi, nikakaribia kuilaumu seva yenyewe. Siku ya pili mama mmoja wa mapokezi akaniambia, "Mwanangu, mbona kwangu inasoma namba tofauti na ya jirani?" Kweli. Ofisi ile ilitumia anwani, yaani namba za kuitambulisha kila kompyuta mtandaoni, zinazoanza na 10.20, yeye ana 192.168.0. Kumbe kuna mtu alileta ruta ndogo ya nyumbani apate Wi-Fi mezani kwake, akaichomeka ukutani kwa tundu lisilofaa, nayo ikaanza kugawa anwani kwa yeyote aliyeomba. Kompyuta haichagui: anayeijibu kwanza ndiye bwana wake. Tangu hapo, kwenye swichi inayoruhusu, huwa naweka ulinzi wa DHCP, ile huduma ya kugawa anwani, kwamba anwani zigawiwe kupitia tundu moja tu ninalolijua. Nikiitwa mahali, swali langu la kwanza ni "una anwani gani?" Ikianza na 169.254 ujue kompyuta iliomba anwani na hakuna aliyeijibu. Anza na kebo na seva ya DHCP, achana na mengine.

Nenda hivyo hivyo kutoka chini kwenda juu. Taa ya swichi inawaka? Anwani ni sahihi? Geti, yaani ruta ya kutokea nje, inajibu ping, ule mwito wa majaribio? 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje, inajibu? Kama hiyo inajibu lakini tovuti hazifunguki, tatizo liko kwenye DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika kwa pamoja, intaneti ililegea nchi nzima. Simu zilinilia kama msiba. Lakini geti ilikuwa inajibu, na seva yetu ya ndani ilikuwa inajibu, kwa hiyo ndani ya dakika chache niliweza kumwambia mkuu wangu kwamba ankara zinaweza kuendelea kuchapwa, kilichokosekana ni nje tu. Mwenzangu wa ofisi nyingine alishinda akizima na kuwasha ruta. Intaneti ilipokuja kurudi, hata mpangilio wake mwenyewe alikuwa ameuvuruga.

Bekapu, yaani nakala ya akiba: diski mbili zinazonakiliana ndani ya seva moja si bekapu, kwa kuwa ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote kuwili papo hapo. Nakala moja ikae nje ya jengo. Na ijaribu kuirudisha, usiridhike na ujumbe wa "imekamilika". Betri za UPS, kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika, nazo zipime, hasa miezi ya kaskazi. Joto linaziua kimya kimya, na utajua siku umeme ukikatika.

Kuhusu vyeti, watu wataniona mkaidi, lakini mimi ningeanza na vitu vya kushika. Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, ni bure. Laptopu kuukuu yenye RAM ya GB 8 inabeba seva mbili tatu za mfano bila shida. Ukipata swichi iliyotupwa na ofisi, ichukue, ila ongea kwanza na watu wa nyumbani, maana feni zake zinavuma kama mashine ya kusaga. Iweke fayawoli, ivuruge, jifungie nje usiku kucha ukitaka. Hapo kurudi ndani ni kunyoosha mkono, si kuwahi basi Kange.