Uliza Shangazi: Boga lipo sapamaketi, shambani tunafuata nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi tuko Ohio, tumehamia mwaka huu na ndo mara yetu ya kwanza kuona majani yanageuka rangi na kudondoka. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 9 na wa mwisho 2, kila wakitoka shule ni shamba la maboga, shamba la maboga, eti wenzao wote wameshapelekwa. Baba yao anasema boga ni boga, sapamaketi yamejaa mlangoni bei chee, kwa nini tulipe kiingilio kwenda kuangalia boga, halafu ana wasiwasi hayo ni mambo ya Halloween na mizimu na hataki watoto waingizwe huko. Mama mkwe naye yupo hapa anatutembelea, miguu inamsumbua ila ameshaniambia tukienda anataka achume majani ya maboga aje apike. Twende au tuache? Na hayo maboga yao yanalika kweli?
– Mama wa watatu, Ohio

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mkwe mfikishie salamu zangu.

Nendeni, ila mchague shamba vizuri maana hapo ndo wengi wanapotea. Kuna sehemu za aina mbili na zote zinajitangaza kwa jina moja. Ya kwanza ni uwanja tu, mara nyingine ni paking ya duka au kiwanja cha kanisa, maboga yameletwa na lori yakapangwa kwenye nyasi na marobota ya majani makavu pembeni, unapiga picha, unalipa, unaondoka. Hapo baba watoto yuko sahihi kabisa, tofauti na sapamaketi ni ndogo. Ya pili ni shamba lenyewe, boga bado limeshikana na shina lake linalotambaa na unalikata mwenyewe. Watoto wapeleke huko. Piga simu kabla, uliza swali moja tu, maboga mnalima hapo hapo au mnaletewa? Aliyelima mwenyewe atakujibu kwa furaha na atakueleza mpaka mbegu alizifukia lini.

Nalikazania hili kwa sababu mtoto aliyekulia mjini analijua boga kama kitu cha rangi ya chungwa kinachotokea madukani mwezi wa kumi, basi. Shambani ataelewa kwamba lilipandwa mwisho wa mwezi wa tano au wa sita, baridi ya kuganda ilipokwisha, likakaa pale siku 90 mpaka 120. Kama baridi kali haijapiga bado huwezi kukosa maua mawili matatu ya mwisho mwisho, watafutie. Ua dume lina kikonyo chembamba tu, ua jike lina kiboga kidogo sana cha duara kimekaa chini ya petali, na nyuki asipoleta chavua ya dume kwa jike kile kiboga kinanyauka kinadondoka, boga hupati. Mkubwa wako wa miaka 9 mwache avione viwili hivyo kwa macho yake ashike na mkono, kiingilio kimeshalipa hapo, na mimi nasema hivi nikimaanisha.

Kwenye kuchagua boga, ligeuzeni. Ubavu uliolalia udongo unakuwa umepauka, hilo si tatizo, ila bonyeza huo upande uone hakuna sehemu laini. Halafu jaribu ganda kwa ukucha wa dole gumba, ukiingia boga bado changa, likigoma limekomaa. Kikonyo cha yale ya kuchonga kina pembe pembe na vimiba vidogo vinachoma, so chukueni glavu. Likateni mkiacha kikonyo kama sentimita 10, na tafadhali waambie watoto mapema wasilibebe kwa kikonyo, kila mtoto anafanya hivyo, kikikatika pale juu panabaki kidonda na kuoza kunaanzia hapo hapo. Libebwe kwa kushika chini.

Sasa wasiwasi wa baba yao, namwelewa na wala si wa kupuuza. Halloween ni tarehe 31 Oktoba, na hii kuchonga sura imekuja na wahamiaji wa Ireland ambao kwao walichonga tanipu (mzizi wa duara unaoliwa), Marekani wakakuta boga, kubwa na rahisi kuchonga. Ila boga lenyewe lilikuwepo bara hili maelfu ya miaka kabla yao, kuna mbegu za jamii ya maboga zilizokutwa kwenye pango moja Oaxaca, Meksiko, zina umri wa kama miaka 10,000, na wenyeji wa Amerika walilima maboga, mahindi na maharage pamoja shamba moja. Kwa hiyo kwenda kuvuna boga ni kwenda kwenye mavuno, na boga hilo hilo ndo pai ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, Alhamisi ya 4 ya Novemba. Mkae wawili mkubaliane mipaka kabla ya siku yenyewe, siyo mbele ya watoto getini. Nendeni mchana, mashamba yenye michezo ya vitisho mara nyingi wanaifanya usiku na kwa tiketi yake peke yake, angalieni ratiba yao onlaini. Mkirudi msichonge sura kama hamtaki, boga zima linapendeza vilevile na linadumu zaidi.

Bibi asikose kwenda kisa miguu. Mashamba mengi yana trekta linalovuta tela lenye marobota ya kukalia linazungusha watu shambani, uliza tu kwenye simu kama tela lina ngazi nzuri na kama choo kiko karibu. Nendeni siku ya wiki mkiweza, foleni inakuwa ndogo na baadhi ya mashamba hawatozi kiingilio siku hizo. Mvaeni viatu vya kuvumilia matope, kama ilinyesha jana kigari cha mtoto hakitapita, mbebeni mgongoni. Ile njia ya kupotea katikati ya mahindi (ya kwanza kubwa ya namna hii Marekani ilitengenezwa Pennsylvania mwaka 1993) huyo wa miaka 2 asiachwe mkono hata dakika, mahindi ya kukauka ni marefu kuliko baba yake na akikata kona humuoni.

Majani ya maboga, hapa samahani kwa bibi. Ikifika mwezi wa kumi majani yamezeeka, mengi yana ukungu mweupe kama unga, na maboga ya kuchonga mara nyingi yanapigwa dawa. Msichume bila ruhusa ya mwenye shamba, na hata akiruhusu muulizeni alipuliza nini na lini. Anayetaka majani mazuri azungumze na mkulima mapema, aende mwezi wa saba achukue ncha changa, wakulima wengi hapa hawajui kama zinaliwa na wengine watakupa kwa bei ndogo tu.

Kuhusu kulika, ndiyo yote yanalika, ila lile kubwa la kuchonga lina maji mengi na nyuzinyuzi, ladha hamna. Ulizia yale madogo ya pai, ya paundi 4 mpaka 8, nyama yake imeshikana na ni tamu. Lipasue katikati, toa mbegu, liweke oveni nyuzi 375 za Fahrenheit mpaka uma uingie bila kulazimisha.

Viwili vya afya halafu nimemaliza na wewe. Wakishika mbuzi na kondoo wa pale wanawe kwa sabuni na maji kabla ya kula donati, jeli ya mkononi haitoshi. Na ile juisi ya tofaa inayoitwa sida, uliza kama imechemshwa kuua vijidudu. Ya chupa ambayo haijauliwa vijidudu inatakiwa kisheria iwe na onyo kwenye lebo ila ya kumiminiwa kwenye glasi haina lebo, na mtoto wa miaka 2 na bibi wote ni watu ambao bakteria wa E. koli wanaweza kuwalaza hospitali. Kilevi haina hiyo ya kawaida, yenye kilevi inaandikwa wazi, someni.

SWALI: Shangazi salama? Mimi niko Minnesota, mwaka jana tulilipa hela ndefu kwa maboga mawili makubwa, tukachonga wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla hata ya Halloween yalikuwa uji mlangoni na kindi wanakula. Tatizo ni boga au ni sisi?
– Baba K.

JIBU: Salama baba. Mliwahi sana kuchonga tu. Boga likishatobolewa lina siku chache, wiki ikienda sana, wakati lile zima mahali penye ubaridi, kama nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, linakaa miezi miwili mitatu. Nunueni mapema kama mnataka ila chongeni siku mbili tatu kabla. Futeni nje kwa maji yenye jiki kidogo, kwangueni ndani mpaka pakauke, kingo za matundu pakeni vaselini, na badala ya mshumaa wekeni taa ndogo ya betri maana joto la mshumaa linalipika kwa ndani. Huko kwenu kuna jingine, usiku ukishuka chini ya 0 boga linaganda, asubuhi likiyeyuka linalegea lote, so liingizeni ndani usiku.

SWALI: Shangazi mwanangu kaona kwenye simu boga kubwa kuliko gari la mchezo, anataka tuhifadhi mbegu za boga tulilonunua shambani tulime hilo. Inawezekana?
– Mdogo wako, Illinois

JIBU: Hilo kubwa ni jamii nyingine kabisa mdogo wangu, yale ya kuchonga ni Cucurbita pepo na majitu yale ni Cucurbita maxima. Mwaka 2023 kwenye mashindano ya Half Moon Bay, California, lilipimwa moja la paundi 2,749, yaani kilo 1,247 hivi, rekodi ya dunia wakati huo, na mkulima wake alitoka Minnesota na siyo sehemu ya joto la mwaka mzima. Mbegu yake mnunue kama mbegu ya maxima. Za boga lenu zitaota vizuri, ila nyuki wanachanganya chavua za jamii hiyo hiyo na mengi ni chotara kwa hiyo msishangae likitoka umbo lingine. Zioshe, zikaushe kwenye karatasi mpaka zikatike zikikunjwa, weka kwenye bahasha mahali pakavu. Na wewe uko Illinois, jimbo linaloongoza kwa maboga Marekani na ndiko yanakotoka mengi ya kusindikwa kwenye kopo, udongo wenu hauna shida. Pandeni mwisho wa mwezi wa tano, mmpe nafasi ya kutambaa mita mbili tatu kila upande.