Nyuso kutoka nyeusi juani: anza na Av

Mkuu, umeuliza uanzeje na hiyo kamera yako ya Canon ya mtumba, na kwa nini nyuso zinatoka nyeusi juani. Kwanza futa mipangilio ya mwenye nayo wa zamani. Huenda aliiacha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kwenye 3200. Kisha toka oto, nenda Av (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi). M, ya kupanga vyote mwenyewe, isubiri. Weka tundu f/8, ISO 100, kasi ya shata itajipanga yenyewe.

Kuhusu nyuso kutoka nyeusi ukipiga watu Nyerere Square mchana: kamera inaona anga jeupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ongeza fidia ya mwanga (alama ya +/-, inaiambia kamera iongeze mwanga) hadi +1, tazama, panda tena ikibidi. Anga litaungua kidogo (litatoka jeupe tupu), liache. Mteja analipia sura yake. Lenzi usibadilishie nje, vumbi la Dodoma unalijua. Jioni, kasi ikishuka chini ya 1/125 ya sekunde, pandisha ISO.