Nakala kwanza, lehemu baadaye: maswali ya wenye kaseti za gemu, Kigoma na Tabora

Maswali ya safari hii yanahusu mashine za kunakili kaseti, zile zinazochomekwa kwenye tundu la konsoli, kaseti halisi ikakaa juu yake, na gemu ikasomwa na kuhifadhiwa kwenye flopi, CD au kompyuta. Kila jibu linachukulia kwamba kaseti ni yako na unachotaka ni nakala ya mali yako kabla haijafa.

Nimepata Super Wild Card (mashine ya kunakili inayotumia flopi) pamoja na Super Famicom, konsoli ya Nintendo ya Japani. Inawaka na menyu inatokea, lakini haisomi flopi hata moja. Nitafute draivu nyingine? – Ujiji

Menyu ikitokea, sehemu ngumu ya mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye draivu au kwenye flopi zenyewe, na wengi hulaumu draivu mapema mno. Shika flopi, vuta pembeni kile kifuniko cha chuma, kisha zungusha kitovu cha nyuma kwa kidole huku ukitazama sahani nyeusi. Iwe inang'aa sawasawa. Ukiona madoa meupe kama unga wa muhogo, huo ni ukungu, na kwa unyevu wa pale ziwani ni jambo la kawaida. Flopi ya hivyo usiirudishe kwenye draivu, kwa sababu uchafu unabaki kwenye kichwa cha kusomea na flopi nzima inayofuata inakwaruzwa. Safisha vichwa kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ya isopropili (asilimia 90 kwenda juu). Kile cha juu usikiinue sana, maana chemchemi yake ni nyembamba na ikipinda hairudi.

Ikigoma bado, usinunue draivu nyingine kuukuu. Weka Gotek, kifaa chenye umbo la draivu ya flopi ambacho mbele yake kina tundu la flashi. Tafuta yenye programu ya ndani iitwayo FlashFloppy, kwa sababu ile inayokuja nayo kutoka kiwandani ni finyu. Wauzaji wengine wanaiuza ikiwa tayari imewekwa. Kama siyo, utafunga jampa (kipande kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenye pini za kuprogramu, utaiunga na kompyuta kwa waya wa USB wenye ncha mbili za kiume, na utaiweka mara hiyo moja tu. Masasisho ya baadaye ni kuweka faili la UPD kwenye flashi na kuwasha ukiwa umebonyeza vitufe viwili vya mbele kwa pamoja.

Kuunganisha ndiko watu wanakokosea. Waya bapa una nyuzi 34, na ule wenye rangi pembeni ndio namba 1. Ukiugeuza, taa ya Gotek inawaka moja kwa moja bila kuzima. Hiyo ni dalili ya waya uliogeuzwa, kifaa hakijaungua. Upande wa umeme Gotek inatumia volti 5 na ardhi tu. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka, maana plagi ya pini 4 ikiingia kinyume kwenye mashine yenye volti 12, hizo 12 zinaingia palipotakiwa 5 na Gotek inakufa papo hapo. Ikiwaka lakini mashine haiioni, hamisha jampa ya kuchagua draivu kutoka S1 kwenda S0 au kinyume chake. Waya wa kompyuta wenye msokoto katikati na ule ulionyooka haviiti draivu kwa namba moja. Kwenye faili la FF.CFG, lile la mipangilio ya FlashFloppy linalokaa kwenye flashi, andika `interface = ibmpc` na `nav-mode = indexed`.

Flashi iumbizwe kwa mfumo wa FAT32, na picha za flopi (mafaili, kila moja likiwa na nakala ya flopi nzima) ziitwe DSKA0000.IMG, DSKA0001.IMG na kuendelea. Kila moja ina baiti 1,474,560. Mwenye Linux anatengeneza moja hivi: `mkfs.fat -C DSKA0000.IMG 1440`, kisha `mcopy -i DSKA0000.IMG gemu.smc ::`. Kwenye Windows, WinImage inafanya kazi hiyo.

Jambo moja la kujua kabla hujafurahi: Super Wild Card inapakia gemu kwenye ramu yake na konsoli inaisoma kutoka humo. Kaseti zenye chipu ya ziada, mfano Star Fox yenye Super FX, hazitacheza kwa njia hiyo hata ukibadilisha draivu mara kumi.

Faili nililonakili limezidi kwa baiti 512 kuliko ukubwa wa gemu. Limeharibika? – Kanyenye, Tabora

Halijaharibika. Hizo baiti 512 za mwanzo ni kichwa cha faili, maelezo ambayo mashine imejiandikia: ukubwa, mpangilio, na kama kuna kipande kingine kinachofuata. Gemu ya megabiti 8 ni baiti 1,048,576, kwa hiyo faili litakuwa 1,049,088. Programu nyingi za kisasa zinalikata zenyewe, ila zile za kulinganisha alama ya SHA-1 (namba inayotambulisha faili lisilo na kosa) zitakuambia faili ni baya mpaka ulikate.

Tukiwa hapohapo: megabiti 8 ni megabaiti 1. Gemu ya megabiti 32 kwa hiyo ni megabaiti 4, na kwenye flopi inagawanywa vipande vinne vya megabiti 8. Tumia uCON64, programu ya kompyuta ya mafaili ya gemu, kugawa. Ukikata kwa mkono, kipande cha kwanza hakitakuwa na alama ya kusema "bado kuna vingine", na mashine itaishia hapo.

Gemu yangu ya Super Famicom haisevu tena. Fundi wa simu anasema atabadilisha betri kwa dakika tano. Nimpe? Na sevu nyingine ya mwanangu ya Game Boy bado ipo, sitaki ipotee. – Kasulu

Ya kwanza mpe, kwa masharti yaliyo hapa chini. Ya pili usimpe mtu yeyote kabla hujainakili.

Sevu za kaseti hizi zinakaa kwenye chipu ya SRAM inayohitaji umeme saa zote. Ukizima konsoli, betri bapa ndiyo inayoilisha. Ukiitoa betri, hata kwa sekunde chache, sevu imekwisha. Kuna mafundi wanaobadilisha betri kaseti ikiwa imechomekwa na konsoli imewashwa, ili chipu isikose umeme. Sisi hatushauri hivyo. Ncha ya chuma cha kulehemu ikigusa mguu wa jirani tu, unapoteza sevu na pengine chipu.

Njia ya uhakika ni kuisoma sevu kwanza. Kwa Game Boy, kisomaji cha GBxCart RW na programu ya FlashGBX vinatosha. Kwa Super Famicom unaweza kutumia hiyo hiyo Super Wild Card, au Retrode, ambayo kompyuta inaiona kama flashi ya kawaida, au kisomaji cha Sanni kinachojengwa juu ya Arduino Mega 2560. Angalia volti: Game Boy na Game Boy Color ni 5, Game Boy Advance ni 3.3. Kaseti ya Advance ukiisoma kwa 5 unaihatarisha.

Soma mara mbili, lakini katikati chomoa kaseti na uirudishe. Hapa panapuuzwa sana. Pini yenye uchafu inaweza kukupa kosa lilelile mara mbili mfululizo, mafaili yakafanana kabisa, nawe ukaamini. Ukichomoa na kurudisha, mguso unabadilika na kosa linajionyesha. Kisha lifungue faili la sevu kwenye emyuleta (programu ya kompyuta inayoiga konsoli) na uone kwa macho kwamba jina la mtoto na hatua aliyofikia vipo.

Sasa betri. Kaseti inafunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Super Famicom mara nyingi ni CR2032, Game Boy ni CR2025 au CR1616, na namba imechapwa kwenye betri yenyewe. Nunua yenye masikio ya bati yaliyoshikizwa kiwandani. Usiruhusu fundi alehemu moja kwa moja juu ya betri: joto linayeyusha mpira wa ndani, betri inavuja baada ya miezi, au inapasuka palepale. Kabla ya kuiweka ipime. Mpya iwe volti 3.0 hadi 3.3, na chini ya hapo ulichouziwa ni cha zamani chenye karatasi mpya. Chuma cha kulehemu kiwe nyuzi joto 330 hadi 350 za Selsiasi, risasi ya kulehemu iwe ya 63/37, na kila sikio sekunde tatu. Upande wa ardhi unachelewa kushika kwa sababu shaba yake ni pana, kwa hiyo ongeza fluksi badala ya kuongeza nguvu za mkono. Wengi hung'oa shaba ya bodi hapo. Tazama alama ya jumlisha mara mbili, kisha rudisha sevu kwa kisomaji kilekile.

Kama kaseti ya mwanao ni Pokémon Ruby, Sapphire au Emerald, pumua: betri humo inaendesha saa tu, sevu iko kwenye chipu isiyohitaji umeme. Gold, Silver na Crystal ni kinyume chake. Saa na sevu vyote vinategemea betri moja, ndiyo maana zinakufa mapema.

Adapta ya Super Famicom imeandikwa 100V. Nimeona ya ruta ina tundu linaloingia vizuri. Niitumie? – Mwanga, Kigoma

Ya 100V usiichomeke ukutani. Umeme wetu ni 230, na transfoma yake itanuka kabla hujakaa chini. Ya ruta nayo ina mtego. Super Famicom inataka volti 10 DC, miliampia 850, na katikati ya plagi ni HASI. Adapta nyingi za ruta katikati ni CHANYA. Tazama ule mchoro mdogo wa duara na nukta kwenye lebo: mstari kutoka nukta ya kati uende kwenye alama ya kutoa. Volti 9 DC, ampia 1 au zaidi, katikati hasi, itafanya kazi vizuri, kwa sababu ndani ya konsoli kuna chipu ya 7805 inayoshusha volti hadi 5.

Super Nintendo ya Ulaya ni jambo jingine kabisa, hiyo inakula volti 9 AC. Adapta yake ukiipeleka kwenye Super Famicom unaiua. Mega Drive ya kwanza katikati ni hasi, ya pili ni chanya. Andika kwa kalamu ya wino juu ya kila adapta jina la konsoli yake.

Kama tayari umechomeka kinyume na imekata, usiitupe. Pima fyuzi ndogo ya F1 karibu na tundu la umeme, mara nyingi ndiyo imejitoa mhanga. Ni ya ampia 1.5. Badilisha kwa ampia hiyohiyo, na usiiruke kwa waya.

Chagua adapta ya kisasa iliyoandikwa 100–240V. Zile nzito za transfoma, umeme ukilegea jioni nazo zinalegea, na kukatika katikati ya kuandika sevu ndiko kunakoharibu faili.

Nina Doctor V64 ya Nintendo 64. Gemu nyingine zinapanda, nyingine skrini inabaki nyeusi. Nikiongeza ramu itasaidia? – Nzega

Inategemea ni gemu zipi. V64, mashine ya kunakili inayopakia gemu kwenye ramu yake, ilitoka na megabiti 128, na inaongezeka hadi 256. Super Mario 64 ni megabiti 64, inaingia na nafasi inabaki. Ocarina of Time ni 256, kwa hiyo kwenye 128 haiingii hata ufanyeje. Ramu inasaidia gemu za aina hiyo tu.

Skrini nyeusi kwa gemu ndogo ina sababu mbili nyingine, na ndizo za kuanza nazo. Ya kwanza ni mpangilio wa baiti. Fungua faili kwa HxD, programu inayoonyesha baiti za faili, na usome baiti nne za mwanzo. V64 inataka 37 80 40 12. Ukikuta 80 37 12 40, baiti zimepangwa kwa mtindo mwingine. uCON64 inageuza kwa sekunde chache. Kubadilisha jina la mwisho la faili peke yake hakugeuzi kitu.

Ya pili ni chipu ya kufuli, ile inayoithibitishia konsoli kwamba kaseti ni halali. V64 haina yake, inaazima ile ya kaseti halisi unayoweka juu. Gemu nyingi za Marekani na Japani zinatumia aina ya 6102, lakini Banjo-Kazooie inataka 6103 na Ocarina of Time 6105. Kaseti ya juu isipolingana na gemu unayopakia, inaganda mwanzoni. Na kaseti hiyo ya juu isiwe yenye sevu unayoithamini, kwa sababu gemu iliyopakiwa inaweza kuandika juu ya EEPROM yake, chipu inayohifadhi sevu.

Kaseti ya gemu 9999 kwa moja ya ile konsoli ya TV inaweza kunakiliwa? – Urambo

Mara chache. Ukiifungua utakuta tone jeusi la gundi badala ya chipu yenye namba, na njia inayotumia kubadili kurasa za gemu haifuati kaseti za kawaida za Famicom, kwa hiyo kisomaji hakijui kiombe nini. Na hizo 9999 ni gemu chache zilizorudiwa majina.

Kaseti zangu zina vumbi la Tabora mpaka ndani. Nikipuliza kwa mdomo zinakubali. Nyie mnakataza kwa nini? – Cheyo, Tabora

Zinakubali kwa sababu umezichomoa na kuzirudisha, pini zikajisugua. Pumzi haichangii kitu isipokuwa unyevu, na unyevu unaacha kutu ya kijani kwenye shaba. Tumia kijiti cha pamba na isopropili, sugua kufuata urefu wa pini mpaka pamba itoke nyeupe, subiri dakika tano. Madoa yasiyotoka, kifutio cheupe cha penseli kidogo tu. Msasa hapana: dhahabu ya juu ni nyembamba mno, ukiimaliza kilichobaki kinaoza msimu mmoja. Kabla ya kunakili kaseti yoyote iliyokaa kabatini, safisha pia tundu la mashine, kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa chenye spiriti, ikiingizwa na kutolewa mara nne au tano, umeme ukiwa umechomolewa.