Ukitaja gemu kwenye kazi ya sanaa, taja na toleo lake

Wanafunzi ninaowafundisha sanaa wanapenda kutumia gemu kama chanzo, nami siwazuii. Gemu huchorwa na watu, ina rangi, mwanga na mpangilio unaochambulika kama mchoro mwingine wowote. Ninachowabana ni kimoja: kuandika "Minecraft, 2011" peke yake hakutoshi.

Ni kweli gemu hiyo ya kujenga dunia kwa bloku ilitoka rasmi Novemba 2011. Lakini toleo la 1.14, la Aprili 2019, lilikuja na sura mpya kwa bloku nyingi. Chukua netherrack, lile jiwe jekundu la Nether, dunia ya moto ndani ya gemu: zamani lilijaa madoa makali yanayogombana, sasa limetulia. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika aya nzuri sana juu ya vurugu ya rangi kwenye jiwe hilo, akitazama picha za zamani. Wenzake wakafungua gemu, wakaona kitu kingine kabisa, wakamwambia amejitungia. Hakujitungia hata kidogo, na namba ya toleo ingemtetea palepale.

Namba yenyewe haiko mbali. Kwenye Minecraft ya Java, yaani ile ya kompyuta, iko chini kushoto mwa skrini ya kwanza. Ukiwa ndani ya gemu, bonyeza F2: picha ya skrini inahifadhiwa, na jina la faili linabeba tarehe na saa. Chini ya picha andika hivi: Mojang Studios, Minecraft (Java), toleo la 1.14, 2019, kisha tarehe uliyopiga picha.

Mchoraji naye apewe haki yake. Picha za ukutani ndani ya gemu zinazojulikana tangu zamani zinatokana na michoro halisi ya rangi za mafuta ya Kristoffer Zetterstrand, msanii wa Uswidi. Mwaka 2024, toleo la 1.21 liliongeza picha 20, na si zote ni zake. Bila kuangalia toleo, utampa mtu sifa ya kazi ya mwenzake, na kwangu hilo ni kosa zito kuliko koma iliyokosewa kwenye marejeo.

Anayecheza kwa kompyuta anaweza kuchagua toleo la zamani la Java na kurudi kulitazama. Kwenye simu si rahisi hivyo, kwa hiyo piga picha zako zote kabla ya kuruhusu gemu ijisasishe.