Maswali na majibu: Gemu za mbwa mwitu, na nasaba msizozifungua

Maswali yanayofanana nimeyaunganisha. Gemu ya kuzalisha mbwa mwitu ni ile ya mtandaoni ambamo unalea kundi, unawapandisha, na kuuziana na wachezaji wengine. Kila moja ina kanuni zake, kwa hiyo pale ninaposema "gemu nyingi", kafungue mwongozo wa gemu yako uhakikishe.

Nimefungua akaunti jana. Nimepewa dume mmoja na majike wanne. Nizalishe wote leo?

Hapana, zalisha mmoja tu. Jike mmoja akizaa watoto watano, wanne watakuletea ishirini, na kundi la mgeni kwa kawaida halina nafasi ya kuwabeba wote hao. Utaanza kuwafukuza watoto ambao hata hujawatazama, na akiba ya nyama itakwisha kabla hawajafikia umri wa kuwinda. Halafu mbwa mwitu wa kuanzia hawana soko, kwa sababu kila mgeni amepewa wa namna hiyohiyo.

Wiki ya kwanza tumia nguvu zako za siku (kiasi cha vitendo unavyoruhusiwa kwa siku) kuwinda na kuzunguka porini. Weka timu moja ya wawindaji na uiache hiyohiyo, maana katika gemu nyingi uzoefu hujilimbikiza kwa yule anayewinda kila siku, na ukibadilisha wawindaji kila mara hakuna anayepanda daraja. Sarafu zikipatikana, usinunue watano wa bei poa. Nunua jike mmoja mwenye jambo moja unalolitafuta, iwe rangi ya msingi, alama fulani au takwimu za juu (namba zinazoonyesha uwezo wake). Angalia umri wake kabla ya rangi yake. Wauzaji wengi huwatoa majike wazuri wakiwa wamebakiza uzao mmoja, au wamekwisha kuzaa kabisa, na picha haionyeshi hilo.

Nitapataje rangi adimu haraka?

Swali hili linaletwa kila mara, na jibu ni lilelile: haraka haipo. Chukua rangi yenye nafasi ya asilimia 1 kwa kila mtoto. Ukizalisha watoto 100, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni takriban asilimia 63. Maana yake, kati ya wachezaji 100 waliofika watoto 100, kama 37 hivi hawajaiona. Na ukishakosa mara 99, mtoto wa mia bado ana asilimia 1 ileile. Anayekuuzia "siri" ya kuiwahi anakuibia.

Dume na jike wote ni weusi, wamezaa mtoto wa kijivu. Gemu ina hitilafu?

Haina. Kama gemu yako inafuata jeni, yaani vinasaba ambavyo mtoto hurithi kwa kila mzazi, weusi huwa tawala (ukirithiwa kwa mzazi mmoja tu unaonekana) na kijivu hujificha. Kila mzazi alibeba kijivu bila kukionyesha, na mtoto akakipokea kutoka pande zote mbili. Hata mbwa mwitu halisi wa Amerika Kaskazini wako hivyo: weusi wao unatokana na jeni moja tawala, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba iliwaingia kutoka kwa mbwa wa kufugwa.

Wazazi wa namna hiyo, kwa wastani, katika kila watoto wanne watatoa weusi watatu na wa kijivu mmoja. Kati ya wale weusi watatu, wawili bado wamebeba kijivu, na kwa macho huwezi kuwatenga. Unayetaka kumjua, mpandishe na wa kijivu. Akitoka mtoto mmoja tu wa kijivu, umepata jibu. Wakitoka weusi watano mfululizo, unaweza kumwamini, kwa sababu mbeba kijivu angetoa matokeo hayo takriban mara 3 tu kati ya 100. Fanya jaribio hilo kabla ya kumtangaza sokoni kuwa "safi", yaani habebi kijivu. Wengi hutangaza kwanza, kisha wanagombana na mnunuzi.

Ila zipo gemu zinazopanga rangi kwa makundi na madaraja, wala si kwa jeni. Humo hesabu hii haikusaidii.

Gemu yangu inaruhusu kuzalisha kaka na dada. Kuna ubaya gani?

Upo, na mngefungua ukurasa wa nasaba kabla ya kubonyeza kitufe cha kupandisha, nusu ya maswali ninayoletewa yasingekuwepo. Mtoto wa ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana kiwango cha udugu (kipimo cha jinsi wazazi wake walivyo damu moja) cha asilimia 25. Wa mzazi na mwanawe, 25 vilevile. Ndugu wa mzazi mmoja, 12.5. Binamu wa kwanza, 6.25. Gemu nyingine hukata takwimu za mtoto kadiri kiwango kinavyopanda, nyingine huleta kilema au kifo cha mapema, nyingine hazifanyi lolote. Hata hizo za mwisho zina adhabu, kwa sababu wanunuzi makini husoma nasaba, na wakikuta jina moja pande zote mbili wanaondoka.

Anayedhani ni ukali wa watengenezaji tu, akasome habari za kisiwa cha Isle Royale, Marekani. Mbwa mwitu walifika huko wakivuka barafu ya Ziwa Superior, wakazaliana wenyewe kwa wenyewe kwa miongo, na wengi wakawa na pingili za uti wa mgongo zenye kasoro. Kufikia 2016 walibaki wawili tu, baba na bintiye. Ilibidi waletwe wengine 19 kati ya 2018 na 2019.

Kwa hiyo anza na koo mbili zisizohusiana, na usizichanganye mpaka kila moja iwe na kitu cha kuipa nyingine. Kila baada ya vizazi viwili au vitatu, leta dume wa nje. Kagua hadi mababu wa babu, usiishie kwa wazazi. Na andika namba ya mbwa mwitu kwenye jedwali lako, usiandike jina. Mnunuzi hubadilisha jina siku hiyohiyo, lakini namba haibadiliki.

Nikiamka asubuhi nakuta watoto wamekufa.

Katika gemu nyingi siku hugeuka kwa saa ya seva (kompyuta kuu inayoendesha gemu), si ya simu yako, na njaa huhesabiwa wakati huo. Tafuta saa hiyo, kisha kabla haijafika hakikisha mambo mawili: nyama haijaoza ghalani, na kila mtoto amepangiwa mlezi. Mlezi mmoja ana kikomo cha watoto. Ukimzidishia, wa ziada hubaki bila ulinzi na gemu haitakuonya.

Kuna mchezaji ananiuzia sarafu kwa bei nusu, nje ya mfumo.

Usinunue. Gemu nyingi hufunga akaunti ya mnunuzi pamoja na ya muuzaji.

Nasafiri wiki mbili. Nimpe rafiki nywila anilishie kundi?

Usimpe. Angalia kwenye mipangilio kama kuna kitufe cha kusimamisha kundi. Kama hakipo, usipandishe jike yeyote kabla ya safari, jaza ghala kwa nyama itakayodumu muda mrefu zaidi, na watoto ulionao wauze kabla hujaondoka.