Maswali ya mabuli: mimina maji kwanza, mhuri baadaye

Wiki hii wasomaji wameuliza kuhusu chombo kuliko majani ya chai, na karibu wote wanataka kujua habari za mabuli ya Yixing, mji wa mkoa wa Jiangsu, magharibi ya ziwa Taihu, unaosifika kwa ufinyanzi huu tangu enzi ya Ming.

Muuzaji ananiambia buli lake ni la "zisha". Ndiyo nini? (Msomaji, Tanga)

Ni udongo wa huko wenye chuma kingi. Huchimbwa ukiwa mgumu kama mwamba, huachwa nje upigwe jua na mvua mpaka umeguke, ndipo husagwa na kukandwa. Upo wa zambarau iliyokolea hudhurungi, upo mwekundu, upo wa manjano. Buli huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi, na halipakwi kitu cha kuling'arisha, kwa hiyo likiwa jipya halimeremeti kama sahani. Mng'ao huja polepole kwa kutumiwa. Akikwambia udongo wake ni wa zamani, kutoka mlima Huanglong wenyewe, machimbo maarufu ya huko Yixing, na bei ni ya sahani ya chipsi, mwache aongee.

Nitajuaje kama limefinyangwa kwa mkono? (Msomaji, Nairobi)

Fundi wa Yixing hafinyangi kwa gurudumu. Huponda bonge la udongo kwa nyundo ya mbao mpaka liwe bapa, akakata ukanda mrefu na kuukunja duara, kisha huugonga kwa kibao huku akiuzungusha, tumbo likitokeza kidogo kidogo. Mdomo na mkono wa kushikia hubandikwa mwishoni. Sasa washa tochi ya simu uchungulie ndani: mara nyingi utaona alama pale ncha mbili za ukanda zilipokutana, upande wa mkono. Lililomiminwa kwenye kalibu kwa udongo wa majimaji huwa laini mno kote, na wakati mwingine mstari wa kalibu unaonekana chini ya mdomo. Lakini wajanja nao wanajua kukwaruza ndani ili lionekane la mkono, kwa hiyo alama peke yake isikutoe pesa.

Katikati yapo yale ya nusu mkono: ukanda unagongwa vilevile, ila tumbo linasawazishwa ndani ya kalibu. Sina ugomvi nayo, mengi ni mazuri na yanamimina vyema. Ugomvi wangu ni kuuziwa hilo kwa bei ya lile la mkono mtupu.

Muuzaji hataki nilijaribu kwa maji. (Msomaji, Mombasa)

Basi acha, nenda duka jingine. Buli lisilomiminwa hulijui. Lijaze, ulinyanyue kwa mkono mmoja: likikulemea kwa mbele, litakuchosha kila siku. Mimina. Maji yatoke mkondo mmoja, yasitawanyike, na ukikatisha pasiwe na tone linaloteremka shingoni mwa mdomo. Ukiwa unamimina, ziba kwa kidole kile kitundu cha kifuniko. Kama kifuniko kimekaa sawasawa, maji yatasimama. Kikicheza kidogo usikitupe, hasa kwa udongo mwekundu uitwao zhuni, ambao hujikunja sana tanurini.

Halafu nusa. Mimina maji yanayochemka, funika, subiri, fungua. Harufu ya udongo uliolowa haina neno. Ya rangi au dawa, lirudishe. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China ilifichua watengenezaji waliochanganya kemikali kwenye udongo wa kawaida ili ufanane na zisha.

Lina mhuri wa Gu Jingzhou na bei ni nafuu. Ninunue? (Msomaji, Muscat)

Fundi huyo mashuhuri wa Yixing alifariki mwaka 1996, na mwaka 2010 buli lake moja liliuzwa mnadani kwa zaidi ya yuani milioni 12. Mhuri wowote unaweza kuchongwa upya. Likimimina vizuri na bei ni ya buli tu, lichukue kama buli tu.

Naweza kupikia chai ya maziwa na tangawizi? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Haliwekwi motoni, litapasuka. Maziwa nayo yatanywewa na udongo na kuchacha humo, na majani yetu yaliyosagwa yataziba vitundu vya kichujio. Hilo ni la chai ya majani makubwa, kama oolong au pu-erh. Aina moja kwa buli moja ndiyo desturi. Chai ya kijani afadhali iwe kwenye kauri. Usilioshe kwa sabuni: suuza kwa maji ya moto, uliache wazi likauke.

Mililita 150 zinatosha watu watatu? (Msomaji, Kigoma)

Kwa vikombe vidogo, ndiyo. Majani mazuri ya oolong huongezewa maji mara sita au saba, kwa hiyo kila mtu atakunywa mpaka akatae.